Godoro la Ukutani

Godoro letu la harusi lilikuwa limesimamishwa ukutani, nyuma ya maikrofoni, kitanda kikabaki chaga tupu, nami nikawa nalala mkekani. Ungeniuliza kwa nini, ningekupa jibu la kikazi: ukuta mtupu hurudisha sauti, sauti ikirudi hugongana na ile inayotoka, na mwimbaji akasikika kama yumo ndani ya pipa. Godoro humeza. Wenzangu wengi hapa Kisauni wamebandika trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini wakadhani wamejenga studio. Trei ya mayai kazi yake ni kubeba mayai. Nimelisema hilo hadi nimechoka, na wao wananiona mjuaji.

Studio yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, Mishomoroni. Nimerekodi humo nyimbo za harusi, kasida, matangazo ya maduka, na kwaya za Frere Town zilizokuja na watu wengi kuliko hewa iliyokuwemo. Feni huzimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo kila mtu hutoka amelowa. Adhana ikianza tunasimama, ikiisha tunaendelea.

Kuna jambo ninalolifanya kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nawaambia wote watulie, nabonyeza kitufe, narekodi kimya. Kila chumba kina kimya chake, na hakuna kimya kisicho na kitu ndani. Baadaye, nikikata kikohozi katikati ya wimbo, pale palipokatwa hubaki shimo ambalo sikio hulijua mara moja. Basi nachukua kile kimya nakitia hapo, na shimo linazibika. Wateja hucheka, wakasema fundi anarekodi hewa. Mke wangu hakucheka. Alikuwa akija kukaa sakafuni karibu na mlango, anavua bangili anaziweka mapajani, anabana pumzi. Kisha nampa hedfoni asikilize. Alisema kimya cha chumba chetu kina bahari kwa mbali. Nilimwambia ni jokofu la jirani.

Enzi hizo, kazi ikiisha tulilibeba godoro pamoja, yeye huku na mimi kule, tukalirudisha kitandani. Alipokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kwa mkataba wa miaka miwili, sikulirudisha tena. Sababu za kwenda sitazieleza. Kila mtaa wa Mombasa unazijua.

Tangu hapo tukawa tunaishi kwa ujumbe wa sauti. Watu wa nyumba anayofanyia kazi hutoka kutembea Ijumaa alasiri, naye ndipo apatapo nafasi ya kuzungumza. Huniambia ni mzima, chakula ni kingi, amepewa chumba chake peke yake, kikubwa, kina zulia na dirisha linaloangalia bustani.

Mimi humsikiliza kwa hedfoni, macho nimeyafumba. Chumba chenye zulia hakisikiki vile. Sauti yake ilikuwa ikipiga vigae na kurudi upesi mno, kama mahali ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kulikuwa na kifeni cha kuvuta hewa. Kulikuwa na bomba linalodondosha maji. Mke wangu alikuwa akizungumza nami kutoka chooni, amejifungia, kwa sababu katika nyumba nzima hapo tu ndipo palipokuwa na komeo kwa ndani. Sikumwambia kwamba najua. Niliona nikimwambia ataacha kutuma, au atajifunza kunificha vizuri zaidi, nami nitabaki bila hata lile bomba.

Nami nilikuwa nikimdanganya. Nilimwambia kazi zimenizidi. Ukweli ni kwamba vijana siku hizi wanajirekodi kwa simu vyumbani mwao, na wanaonijia ni wa kubahatisha. Zilipita wiki ambazo sauti ya binadamu iliyopita kwenye mashine zangu ilikuwa yake peke yake, na yangu nikimjibu. Ulikuwa upweke mbaya, sina namna nyingine ya kuusema. Mtu aliyezoea kusikiliza kwa kazi, nyumba tupu kwake ina kelele nyingi: bati likipanuka kwa jua, waya ukivuma, moyo wake mwenyewe.

Mkataba ulipokaribia kwisha, alinitumia ujumbe mrefu kuliko kawaida. Tajiri wake alitaka asaini mwingine. Akaniuliza niseme mimi: asaini au arudi?

Nilitaka kusema arudi. Lakini niliogopa atakuja kukuta studio iliyokufa na mume mwongo. Basi nikakaa mbele ya maikrofoni yangu nzuri nikarekodi kwamba hapa mambo yamenyooka, watu wako foleni hadi nje, asiwe na wasiwasi nami, afanye aonavyo. Kisha nikafanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya: niliisafisha. Nilipunguza mvumo wa chini, nikaondoa pumzi moja moja, mahali sauti ilipotetemeka nikaisema upya, na mashimo nikayaziba kwa kimya cha chumba. Ilipotoka ilikuwa sauti ya mtu anayetangaza sabuni. Nikaituma, nikajiona hodari.

Jibu lilikuja Ijumaa iliyofuata. Mwanzo hakusema neno. Nilisikia kifeni, bomba, na yeye akiwa amebana pumzi, nikaelewa. Alikuwa ananirekodia kimya cha chumba, kama tulivyokuwa tukifanya, ili nijue alipo. Kisha akasema polepole.

“Umekisikia? Najua ulikuwa ukikisikia siku zote. Nami nakusikia wewe. Mtu mwenye wageni mlangoni hapati wasaa wa kuiosha sauti yake namna ile. Wallahi nimetafuta pumzi yako moja nisiipate. Huko ndani huna mtu, na godoro bado liko ukutani.”

Nilivua hedfoni nikaziweka mezani. Nililia, na sikujizuia, maana hapakuwa na wa kunitazama. Muda wote ule nilijiona mwenye masikio ni mimi peke yangu.

Nikalifungua dirisha, ambalo nilikuwa nimelipigilia mbao na matambara tangu siku nilipoanza studio. Nilihitaji nyundo, na kidole kimoja nikakiumiza. Kelele zikaingia zote kwa pamoja: watoto wakigombania mpira, muuza samaki akinadi, kuku, pikipiki, mtu akitwanga. Nikachukua simu, maikrofoni nikaiacha, nikasema sina wateja, nalala mkekani, na sitaki asaini. Nikasema arudi. Katikati nilikohoa. Nikautuma ujumbe na kikohozi chake.

Watu wa nyumba ile walikuwa bado hawajarejea, maana alinijibu kabla ya magharibi. Bomba lilikuwa likidondosha vilevile.

“Basi litoe godoro hilo ukutani, ulianike,” alisema. “Litakuwa limeota kuvu.”

Kesho yake jua lilipopanda nililiburuta peke yangu hadi uani. Kuvu ilikuwepo kweli, upande uliogusa ukuta. Mama wa jirani, aliyekuwa akianika nguo, akaniuliza kama nahama. Nikamwambia naanika godoro tu. Akalitazama, akanitazama mimi, akauliza mwenzangu atarudi lini. Nikamwambia mkataba ukiisha, inshallah. Akanisaidia kuligeuza.

Alasiri nililiingiza nikalitandika juu ya chaga. Chumba kilikuwa kimebadilika. Nilipopiga chafya, ukuta ulinirudishia. Nikajinyoosha juu ya godoro, upande wangu, nikauacha wake.