Mapenzi ya Vijana Kwenye Banda la Tumbaku

Hivi wewe umewahi kushika jani bichi la tumbaku? Si kulipita shambani. Kulishika, asubuhi nzima, moja baada ya jingine? Kama bado, basi jua kwamba lina utomvu unaonata kuliko asali, na jua likishapanda vidole vinakuwa vyeusi kama vya fundi wa magari.

Ndiyo maana Nefize hashiki kitabu. Anasikiliza tu.

Ameketi kwenye kigoda bandani kwake, kijijini juu ya mji wa Dzhebel, kusini mwa Bulgaria. Ana miaka hamsini na sita. Tumbaku waliichuma kabla jua halijatoka, umande ukiwa bado juu yake. Sasa ni kuitunga: sindano ndefu, bapa, inapita kwenye uti wa kila jani, ikijaa majani yanasukumwa kwenye uzi, na uzi unaning'inizwa ukauke. Nefize hatazami vidole vyake. Vinajua njia.

Kitabu ni cha mapenzi, na si mapenzi ya watu wazima. Ni kimojawapo cha vile wanavyoandikiwa wasichana wa sekondari, vyenye majalada ya rangi ya waridi. Msichana amehamia shule mpya. Kijana anayetengeneza baiskeli kwa mjomba wake anampenda, naye hajui. Kurasa mia mbili zimepita na hakuna aliyefungua mdomo. Bandani wako wanawake wanne, mdogo wao ana miaka hamsini, na wote roho juu.

"Mwanangu akiniambia ana shida, namwambia tutaona kesho," anasema Nefize. "Huyu wa baiskeli siwezi kumsubirisha hata hiyo kesho."

Utaratibu wa huku ni kwamba msomaji ni mmoja, mwenye mikono safi, anasoma kwa sauti, na wenzake wanamtungia fungu lake. Kwa miaka kadhaa amesoma Gülten, mke wa mwanawe Nefize. Vitabu ni vyake, vimebaki tangu alipokuwa shuleni.

Nefize naye ametamani kiti hicho cha msomaji tangu usichana wake. Hajawahi kukikalia wala kukiomba. Anatunga haraka kuliko wote, na akisimama yeye kazi ya banda zima inalegea. Kwa familia inayopata kama leva elfu tano, pesa za Bulgaria, kwa mavuno ya mwaka, kabla ya kulipia mbolea, hilo si jambo dogo. Aliishia darasa la saba. Anasoma polepole, midomo ikicheza. Ukimuuliza kwa nini asisome jioni, anacheka: jioni macho yanafika kitandani kabla yake.

Na utamu wa vitabu hivi ni nini hasa, kwa mtu mwenye wajukuu?

Anafikiri kidogo, jani mkononi. "Mimi walinichumbia Jumatano, wiki ya pili nikawa ndani ya nyumba hii. Rasim ni mtu mwema, simsemi. Lakini kile kipindi cha kujiuliza, ananitazama, hanitazami, sikukionja. Nilikuta sufuria mbele yangu. Sasa nakionja hapa, nimekaa."

Rasim, mumewe, yuko mlangoni akifunga makreti. Anasema bila kugeuka kwamba yeye alimtazama mara nyingi tu, kwenye foleni ya kupimisha tumbaku.

"Ungesema," anajibu Nefize.

"Baba yako alikuwa amesimama katikati."

Wanawake wanacheka mpaka sindano zinasimama.

Lakini wiki hii banda limepata pengo. Gülten ameajiriwa kwenye shule ya chekechea mjini Kardzhali, na hakuna asiyemfurahia. Nefize ndiye aliyempigia pasi blauzi ya siku ya kwanza. Ila kitabu kimeachwa njia panda: wale vijana wawili wamegombana na hawasemezani. Msimu bado mrefu. Walijaribu redio, ikawaletea bei ya ngano. Ndipo wakamkalisha Rasim.

Rasim anasoma kama anayesoma bili ya maji. Leo amefungua, amekohoa, amesoma ukurasa mmoja, kisha vidole vyake vimegeuza karatasi mbili tatu kwa pamoja, na huyo wa baiskeli amemshika msichana mkono wanaenda mtoni.

Bibi Shaziye, jirani, mwenye miaka themanini na masikio mazima, anamsimamisha.

"Ngoja, mwanangu. Jana walikuwa hawasemezani. Wamepatana wapi?"

"Wamepatana tu, bibi."

"Watu hawapatani tu. Umeruka."

Rasim anafuta jasho. Anakiri kwamba kuna mambo humo yanayofanyika uso kwa uso, na yeye hawezi kuyasoma mbele ya mama mtu mzima.

"Mimi nimezaa sita," anasema Bibi Shaziye. "Rudi nyuma."

Harudi. Anakiweka kitabu juu ya kreti, masikio yamemwiva kwa aibu, na kutoka nje kwenda kutazama punda ambaye hana tatizo lolote. Mmoja anasema basi, wamsubiri Gülten Jumapili. Mwingine anasema Jumapili ni mbali. Wanatazamana. Kila mmoja ana sababu yake: miwani, sauti, aibu.

Nefize anasukuma majani ya mwisho kwenye uzi, anafunga fundo, analaza sindano pembeni. Kisha anainuka, anachuma nyanya mbichi kwenye shina lililo kando ya mlango, anaipasua, na kuisugua viganjani. Ukali wake ndio pekee unaotoa ule weusi. Anasugua mpaka kwenye kucha. Anasuuza. Anakausha kwa upande wa ndani wa aproni yake.

Bibi Shaziye anamuuliza anakwenda wapi, na kazi imejaa hivi.

"Siendi popote," anasema Nefize. "Leo mnitungie nyinyi. Nataka kusoma mimi. Miaka yote hii nilikuwa nataka kusoma mimi."