Mkunjo wa Begani

Mpaka leo, mkasi ukianza kula kitambaa, kruu, kruu, nafumba macho. Najicheka mwenyewe, maana mkasi ndio unaonilisha. Nina karakana Paris, nawashonea wanawake matajiri magauni ya haute couture, yale ya kushonewa mtu mmoja tu kwa vipimo vyake, na magazeti ya Kifaransa yanaandika kwamba mikunjo yangu nimeitoa kwenye sanamu za Kigiriki. Haya bwana! Ngoja niwaambie ninyi nilikoitoa.

Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Bukavu, Kongo, ng'ambo tu ya mto Ruzizi, tukapanga nyumba Kamembe. Kule Bukavu Maman alikuwa fundi anayegombaniwa. Hapa hakuna aliyemjua. Mdogo wake, Tantine Furaha, alipata mchumba kutoka Nkungu, hukohuko Rwanda. Lakini mama wa kijana alikuwa ameuliza mbele za watu kama hawa waliokulia Kongo wanajua hata kuvaa. Maneno hayo yalitufikia, na tangu hapo Tantine hakula vizuri. Nilimchukia bibi yule kabla sijamwona.

Kwa siku ya posa Maman alinunua kitambaa laini, rangi ya chai ya maziwa, akakikata kama alivyokata vitenge maisha yake yote: sketi, na libaya, ile blauzi ya Kikongo yenye mikono iliyovimba. Ilipendeza, jamani! Asubuhi hiyo nyumba ilinuka pasi ya makaa, Tantine akawa anajizungusha mbele ya kioo. Jirani yetu, Mama Uwera, aliyekuja kutusaidia kupika, akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Mushanana iko wapi?"

"Si ndiyo hii," Maman akajibu.

"Hii ni libaya, Maman Neema. Mushanana ya sherehe hapa Rwanda ni kitambaa kizima, kinapita juu ya bega moja. Hakikatwi."

Nikamwona Maman anautazama mkasi wake pale mezani, uso umemshuka. Tantine akakaa chini na nguo yake mpya.

"Batasema ni kweli, hatujue kitu," akalia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Batarudi kwabo, batatuacha na aibu yetu!"

"Simama," Maman akasema. "Simama, nakuambia, na usipumue sana."

Akachukua wembe akaanza kufumua mikono ya libaya ikiwa bado mwilini mwa Tantine. Mimi nilishika pini. Akavuta vipande vya mikono na mabaki ya kitambaa, akaviunga kwa sindano ya mkono, mishono mirefu ya haraka, na uzi mweupe kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Nje honi zikalia. "Bashafika!" mtu akapiga kelele. Maman hakugeuka. Alipitisha kitambaa begani, akakunja, akaona muungo bado unatazama watu, akakunjua, akakunja tena. Jasho lilimdondoka puani, akalikinga kwa kiwiko lisitie doa. Mwishowe muungo ukazama ndani ya mkunjo, ukapotea.

Tantine akatoka taratibu kama aliyebeba mayai. Mama wa kijana, bibi mrefu mwenye macho makali, akainuka kumkumbatia. Na walipokumbatiana, mkunjo ukafunguka. Niliuona ule uzi mweupe, waziwazi, juani! Nikaona vidole vya bibi vinaupapasa, halafu vinasimama hapohapo. Kucha za Maman zikazama mkononi mwangu. Bibi alinong'ona kitu, akakaa na mkono wake begani kwa Tantine muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima, kisha akawageukia watu wake.

"Binti yetu amependeza," akasema kwa Kinyarwanda.

Makofi yakapigwa. Maman aliingia jikoni akalia peke yake, na mimi nikafurahi, nikiamini bibi hakuugundua ule uzi. Niliendelea kumchukia. Kila alipokuja kwetu nilimsalimia kwa ncha za vidole.

Alipofariki nilikuwa tayari nashona Ufaransa. Nilipiga simu kumpa Tantine pole, nikamkumbusha kwa kicheko siku ile tulipomdanganya mama mkwe wake. Tantine hakucheka.

"Neema, unajua aliniambia nini sikioni? 'Tulia, mwanangu, niufiche uzi huu.'"

Siku hizi sikati kabla sijakitandaza kitambaa mwilini mwa mteja. Na gauni likiisha, naurudisha mkunjo wa begani ndani kwa kidole gumba, polepole, naacha mkono wangu pale kidogo. Mabinti wa karakana wanadhani nakagua mshono.