Kanga Nyuma ya Goli

Mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu nilimjua kwanza kwa viatu vyake. Mume wangu alikuja navyo nyumbani Malvern siku ya Jumatano, ndani ya mfuko wa plastiki, akavitandikia gazeti juu ya meza yetu ya chakula. Vilikuwa viatu vya kutelezea barafuni, vile vyenye kisu chini badala ya soli. Akakaa nusu saa nzima akikinoa kile kisu kwa jiwe, taratibu, na kila mara akikipitishia ukucha kuona kama kimepata makali. Viatu vyangu mimi vilikuwa vimeng'oka kisigino tangu Pasaka. Vilikuwa pale pale mlangoni, anaviruka kila asubuhi akienda kazini.

“Vya nani hivyo?”

“Vya Namba Tisa,” akasema, na macho hakuinua.

Mume wangu baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini, mama yake Mluguru wa Morogoro. Alilelewa kwa bibi yake huko Morogoro, ndiko tulikooana, na tulipohamia Johannesburg kutafuta maisha nilikuja kama mke anayemfuata mume kwao, ingawa naye mji ulimshangaza vile vile kama mimi. Mimi ni fundi cherehani. Nina mashine mbili Jules Street, katikati ya saluni ya Wakongo na duka la matairi. Yeye alipata kazi kwenye uwanja wa barafu, ndani ya jengo la maduka huko mbele ya Randburg. Anaendesha ile mashine kubwa inayoingia uwanjani wakati wa mapumziko, inakwangua barafu iliyochimbika na kumwaga maji yagande upya. Wenyeji wengi wa mji huu hawajui kama kwao kuna timu ya magongo ya barafuni, tena ya wanawake. Mimi nilijua hadi nani kateguka kifundo cha mguu.

Wengi wa wachezaji wale wanacheza kwa mapenzi tu, baada ya kazi zao za ofisini. Lakini wawili watatu huletwa kutoka nchi za baridi na kulipwa, na Namba Tisa alikuwa mmoja wao. Mashabiki walikuwa na utaratibu wao: kila mtu anachagua mchezaji wake kipenzi, anavaa namba yake mgongoni msimu mzima, na mechi ya mwisho wanaandika vikaratasi kumchagua kipenzi wa wote. Mume wangu, kwa kutaka kunitafutia kazi, akawaambia mkewe ni fundi. Basi jezi zikawa zinaletwa kwangu nishonee namba.

Kazi ni kazi, lakini ile ilikuwa adhabu. Tisa, tisa, nne, tisa, kumi na moja, tisa. Nakata kitambaa cheupe, nazungusha kile kichwa cha tisa, nateremsha mkia, na moyoni namsikia mume wangu akimsifu. Namba Tisa hapigi kelele akianguka. Namba Tisa alimsalimia mfagiaji kwa mkono. Namba Tisa anakata kona kama anaandika. Miaka kumi na minne nakata vitambaa mbele ya mtu huyu, na hajawahi kuniambia nakata kama naandika.

Halafu siku moja, chini kabisa ya furushi la jezi, nikakuta moja kubwa, ya mabega mapana ninayoyajua. Ilikuwa ya kwake mwenyewe. Alitaka nimshonee tisa mgongoni.

Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Nilikaa na ile jezi mapajani, mashine inanguruma bure, mguu umesahau kutoka kwenye pedeli. Sikulia. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto.

Mama yangu hakuwahi kugombana na mwanamke mwenziwe kwa mdomo. Alikuwa na sanduku la kanga, na akiudhiwa alifungua sanduku, akachagua kanga yenye maneno yanayofaa, akajifunga na kupita mbele ya mlango wa mhusika akienda dukani kununua chumvi ambayo nyumbani ipo. Mtaa mzima ulisoma, na mhusika alisoma kwanza. Nami nilikuja na sanduku langu huku ugenini, na siku hiyo nililifungua. Nikapekua hadi nikapata nyekundu yenye pindo jeusi, imeandikwa kwa herufi kubwa: HUYU WANGU SI WA UBIA.

Jumamosi nikapanda teksi mbili, zile daladala za huku, mpaka uwanjani. Ndani baridi ya kukausha pua, nimevaa koti, na kanga nimeitanda juu ya koti, maneno mgongoni. Nikatafuta kiti nyuma ya goli, karibu kabisa na kioo, na kila Namba Tisa alipokuja upande ule nikasimama na kumgeuzia mgongo ili asome vizuri. Mume wangu alikuwa kwenye mashine yake upande wa pili. Sikumwangalia. Ujumbe haukuwa wake.

Mtu mwenye akili angefikiria jambo moja kabla ya kutoka nyumbani. Yule mwanamke ametoka kwenye nchi ya theluji, na kwenye jengo lile lote wanaosoma Kiswahili ni mimi, mume wangu na wafagiaji wawili wa Kongo. Sikulifikiria. Nilivaa kanga yangu kama vile nakatiza mtaa wa kwetu.

Mechi ilipoisha Namba Tisa akavua kofia ngumu, akaja moja kwa moja kwangu. Nikasema moyoni, haya, amesoma. Alikuwa mzuri, sitadanganya, na jasho lake lote. Akashika pindo la kanga kwa vidole viwili, akasema kwa Kiingereza kwamba hajawahi kuona kitambaa kizuri namna hii. Mashabiki wakatuzunguka. Akarudia kuisifu, na mara ya tatu, mkono ukiwa bado umeshika pindo.

Mgeni akisifu kitu chako mara tatu mbele za watu, unafanya nini? Nilivyolelewa, unampa. Nilisikia mikono yangu inafungua kanga, nami nikiwa bado nataka kumng'ata. Akanikumbatia na mavazi yake yale ya kujikinga, magumu kama kabati. Watu wakapiga makofi. Hawakungoja hata kidogo, wakaitundika juu ya kioo, nyuma ya goli, maneno yakitazama uwanja.

Mume wangu akaingia na mashine kulainisha barafu. Alipofika pale akainua kichwa, akasoma. Akaendelea kuzunguka. Kwenye teksi tulizungumza habari za bei ya nyanya.

Timu ikaanza kushinda. Mashabiki wakaamini kanga ina baraka, wengine wakawa wanaigusa wakiingia. Wiki kadhaa baadaye mteja mmoja, mama wa Kizungu aliyeleta jezi ya mwanawe, akanishika mkono: “Asante kwa maneno yako mazuri. Mumeo ametueleza maana yake: Mungu ailinde miguu inayoteleza.”

Nikatabasamu kwa meno. Alipotoka nikatupa mkasi chini. Kumbe hata fumbo langu ananinyang'anya! Anamkinga, asije Namba Tisa wake akajua kuna mke anayeumia Malvern. Usiku ule nilimpakulia chakula na kumgeuzia mgongo, akala bila kuuliza. Ile jezi yake kubwa niliisukumia chini ya mabaki ya vitambaa. Naye hakuiulizia, na hilo pia nililihesabu kuwa kosa.

Mechi ya mwisho nilikwenda, kwa sababu wivu haukuniacha nikae nyumbani. Vikaratasi vikafunguliwa na Namba Tisa akawa kipenzi wa wote, kama ilivyotarajiwa. Alikuwa anaondoka kesho yake kurudi kwao. Akapewa kipaza sauti, akashukuru, kisha akaonyesha kidole nyuma ya goli. Aliomba kitu kimoja tu, ile kanga, aende nayo.

Uwanja mzima ukashangilia. Mimi nikaduwaa, maana ilikuwa yake tangu siku ile, niliitoa kwa mikono yangu. Mtu akamwita mume wangu alete ngazi. Akaja nayo. Nikamtazama akipanda na ovaroli lake la bluu, akifungua vifundo kimoja kimoja, na nikajisemea kwamba leo atamkabidhi mkononi, mbele yangu, na mimi nitapiga makofi pamoja na wengine.

Alishuka. Akaikunja kanga mara mbili, tena mara mbili, akafungua zipu ya ovaroli na kuisokomeza kifuani. Akafunga zipu hadi shingoni.

“Samahani sana,” akamwambia Namba Tisa kwa Kiingereza, na kipaza sauti kilikuwa karibu, wote wakasikia. “Niliwadanganya. Haya ni maneno ya mke wangu, na yananihusu mimi.”

Wale wafagiaji wawili wa Kongo, waliosoma tangu siku ya kwanza, wakaanza kucheka mlangoni. “Mama njo mwenyewe!” mmoja akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, yaani ndiye mimi mwenye mume, akinipungia ufagio. Namba Tisa akanitazama, akamtazama mume wangu, akainamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa mwerevu pia, na hilo nalo liliniudhi.

Kwenye teksi tulibanwa kiti cha nyuma. Nikangoja tuvuke Randburg.

“Miezi yote ile ulinyamaza. Ulikuwa unamficha yeye.”

“Nimfiche ili iweje? Yule ni mchezaji, mama watoto. Nampenda anavyocheza, sikatai.”

“Basi kwa nini?”

Kanga ilikuwa imemvimba kifuani kama mtu aliyeficha mkate.

“Tangu tuje huku unanigombeza. Umeme, ada za watoto, bomba linavuja. Sawa, eish, haki yako. Lakini kunigombania mimi mwenyewe, hata siku moja. Nilidhani ulishaacha zamani kunitaka. Ningewaambia maana yake, wangeishusha.” Akageukia dirisha. “Kila mapumziko nilipofika pale nyuma ya goli, nilikuwa napunguza mwendo wa mashine, niisome tena.”