Dirisha Lililowafuata Kuku wa Emérite

Asubuhi za Oktoba jijini Johannesburg bado zina ubaridi wa kuuma vidole, lakini Emérite Nduwimana yuko pekupeku. Anakoroga pipa la samadi ya kuku iliyolowekwa, na harufu inapanda ukuta wa jengo la jirani hadi kwenye madirisha ya ghorofa ya pili. Hana haraka. Wala haombi radhi.

"Harufu gani?" anauliza, akijua fika. "Hii ni lengalenga ambayo haijaota bado."

Alifika mtaa huu wa Jeppestown mwaka 2004 akitokea Ngozi, Burundi. Uwanja huu nyuma ya karakana ya vyuma ulikuwa jalala la matairi na masofa yaliyokufa. Mwenye karakana alimruhusu kulima, ilimradi aondoe uchafu. Leo una matuta ya lengalenga, yaani mchicha, matembele na nyanya chungu, na banda la kuku pembeni. Wateja wanamfuata hata kutoka mtaa wa Hillbrow. Matuta hayo ndiyo yaliyowasomesha wanawe wawili, Inès na Égide.

Miaka yote hiyo, jengo la jirani lilikuwa kiwanda cha vifungo kilichofungwa. Wapangaji wake walikuwa njiwa. Mwaka jana, 2012, likapakwa rangi na kugeuzwa nyumba za kupanga. Watu wakahamia, na malalamiko yakahamia nao.

Mkaguzi wa jiji alipokuja, alimweleza kwamba banda limekaribia mno dirisha la chumba cha kulala.

"Nikamwambia, baba, mimi sikupeleka kuku dirishani. Dirisha ndilo lililowafuata kuku."

Mkaguzi alicheka, kisha akaandika: banda libomolewe kufikia mwisho wa mwezi, isipokuwa kikao cha jiji kiamue vinginevyo. Bila kuku hakuna samadi, na bila samadi udongo huu uliojaa vumbi la chuma hauoteshi hata magugu.

Aliyeongoza walalamikaji ni Carmel, mchoraji wa matangazo anayeishi ghorofani. Emérite akafanya kama wafanyavyo kwao wakitaka kupatana na jirani: akampelekea jogoo mzima, kafungwa miguu. Akachagua yule mkubwa zaidi.

"Yule yule anayemkosesha usingizi!" anadakia Hugues, mchomelea vyuma wa karakana hiyo, mtu wa Bukavu. "Mama Inès, ulimpelekea mgonjwa homa yake kikapuni!"

"Nyamaza wewe! Nilimpa kitoweo."

Kumbe Carmel hali nyama. Kumchinja hakuweza, kumrudisha aliona haya. Akamfuga barazani kwake ghorofani, na jogoo, alipoona mji wote uko chini yake, akawika kuliko zamani. Wapangaji wakamlalamikia Carmel. Mkaguzi akarudi, safari hii akapanda ngazi.

Jioni hiyo Carmel alishuka na jogoo kwapani. "Eish, Mama, mchukue."

"Nikimchukua ni kama sikukupa. Kwetu hayo ni matusi."

Wakakubaliana: jogoo ni wa Carmel, ila analala kwa Emérite. Hivyo Carmel sasa ana mfugo ndani ya banda alilotaka livunjwe. Amefuta lalamiko lake, lakini wenzake ghorofani hawajafuta yao, na amri ya mkaguzi iko palepale.

Emérite anashukuru, ila hilo halimtoshi.

"Carmel akihama, atakuja mwingine na pua yake. Mimi nataka iandikwe kwenye sheria: shamba lililotangulia lisifukuzwe na jirani aliyehamia baadaye."

Alhamisi ijayo yeye na wakulima wenzake wa mjini watayasema hayo mbele ya kikao. Namuuliza: je, wakikataliwa?

Anacheka. "Mwaka 2008 wenyeji wasiotaka wageni walitujia na marungu. Nililala kanisani, nikarudi, nikakuta kuku wote wameibwa. Nikaanza na vifaranga. Mwanangu, mimi nimefukuzwa na vita. Sifukuzwi na pua."

Anaacha pipa, anafuata tuta jipya. Anapanda maharage, punje mbili mbili, na kufukia kwa kisigino. Maharage hayo yataiva Januari. Amri inataka banda libomolewe mwezi huu.

"Januari nitayavuna," anasema. "Na wa ghorofani nao waalikwe, waje kula."

Jogoo anawika bandani. Juu dirisha linafunguliwa kwa kishindo, na sauti ya kiume inafoka.

Emérite hainui hata kichwa.

"Si wangu huyo!" anapaza sauti. "Kalalamikeni kwa Carmel!"