Matimba Yangu na Digrii ya Mwalimu Robi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa juu ya gogo, nikapigwa teke.

Sitawadanganya, ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa nimetembea kutoka kwetu Itiryo na shuka moja na panga la baba, kwa sababu habari za rashi, yaani mbio za dhahabu, zilikuwa zimetufikia: Nyakunguru dhahabu imeonekana, watu wanachimba hadi ndani ya mashamba ya mihogo! Nilifika asubuhi nimechoka, nikaona gogo la mkaratusi limelala pembeni, nikakaa. Teke likanipata mgongoni.

"Hilo kesho utalisimamisha juu ya kichwa cha mwenzako," akasema aliyenipiga. "Unalikaliaje kama kigoda cha mama yako?"

Huyo alikuwa Msimamizi wa Matimba, Mjaluo mfupi mwenye mikono kama koleo. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikajibu kwa majivuno, darasa la nne.

"Basi lisahau. Huku unaanza la kwanza."

Ninyi vijana mnaosoma haya labda mmeona mgodi wa mitambo tu. Sisi tulichimba duara, yaani shimo la kwenda chini moja kwa moja, mtu na nyundo na moko, ile patasi nene ya kupasulia mwamba. Ardhi haipendi kufunguliwa. Inataka kujifunga. Kwa hiyo tuliizuia kwa magogo yaliyopangwa kutoka mdomoni hadi chini, na hayo ndiyo matimba. Mchimbaji akikosea, anakosa dhahabu. Mfunga matimba akikosea, anazika watu. Ndiyo maana nasema kazi yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mwenye dhahabu, na asiyekubali aje tubishane.

Msimamizi hakuruhusu mtu kuruka hatua. Miezi sita nilibeba magogo tu. Kisha nikafundishwa kuchonga shingo, ule mkato wa kichwani unaoshika gogo la pili. Kisha nikaruhusiwa kushikilia gogo wakati wenzangu wanalifunga. Mwisho kabisa ndipo nilipopewa nyundo ya kupigia kabari, na pamoja na nyundo nikapewa wimbo. Mwenye nyundo ndiye mwimbishaji. Kule chini huwezi kusema "moja, mbili, tatu, sukuma", kwa sababu kila kabila lina pumzi yake! Wimbo ndio unaoipanga mikono. Mwimbishaji anauliza, watu wanajibu, na kwenye neno la mwisho la jibu wote wanasukuma. Nao wimbo huo hauimbwi bila gogo. Ukiuimba bure, tuliamini, unaliita jiwe.

Kutoka Nyakunguru nilienda upande wa Serengeti, kwenye udongo laini kama uji. Ukifunga gogo asubuhi, jioni limeinama kama mlevi. Huko nikajifunza subira. Ndipo nikaitwa Kewanja kuwa Msimamizi wa Matimba mwenyewe, mimi wa darasa la nne, na watu kumi na wanane chini yangu. Bosi wangu alikuwa Mwenye Duara, Mkurya mwenzangu, mnene, mwoga wa mizimu, mwenye sauti ya fahali. Alikuwa amezungushia mdomo wa duara uzio wa miiba, na sheria yake ilikuwa moja: mwanamke asivuke uzio, dhahabu itahama. Maduara mengi yalikuwa hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jirani yangu pale Kewanja alikuwa Mwalimu Robi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba asiye na muda wa kupoteza. Jumapili moja aliniomba nimtengenezee rafu ya vitabu kwa vipande vya mikaratusi vilivyobaki. Nilipokuwa napigilia misumari nikaona karatasi ukutani, imejaa alama za vema kila mstari, isipokuwa mmoja wa chini.

"Mwalimu, hiyo ni orodha ya nini? Duka?"

Akacheka. "Tata, hayo ni masharti ya digrii yangu. Fasihi ya Kiingereza. Nasoma kwa posta." Aliniita tata, baba kwa Kikurya, kama tunavyomheshimu mtu wa umri wangu.

Nikamwambia anisomee. Watu hudhani asiyesoma hataki kujua. Ujinga! Nilitaka kujua yote. Akanisomea: kuna kozi za lazima, huzikwepi, kuna za hiari, unachagua, na kuna ambazo huruhusiwi kuzigusa mpaka umalize nyingine. Ushairi, riwaya, tamthiliya, uhakiki, historia ya lugha, fasihi ya Afrika. Kulikuwa hata na kozi ya Kiingereza cha kale kabisa, ambacho Waingereza wenyewe hawakisemi.

"Kwa nini uteseke na kitu kilichokufa?" nikamwuliza.

"Tata, wewe hukuchimba udongo mtupu mita kumi kabla ya kufika kwenye mwamba?"

Aisee! Nikaweka nyundo chini. Kumbe digrii ni duara! Kubeba, kuchonga shingo, kushikilia, kabari. Hakuna kuruka. Yule Msimamizi aliyenipiga teke angekuwa mkuu wa chuo.

"Na huu mstari wa chini usio na vema?"

Uso wake ukabadilika. Mstari ule ulikuwa kazi ya nyanjani. Kila mwanafunzi alipaswa kurekodi fasihi ya watu wakiwa kazini, aitafsiri kwa Kiingereza, aeleze nani aliimba, nani alisikiliza, na kwa shughuli gani. Mara mbili alipeleka nyimbo za harusi, mara mbili mkufunzi wake akazirudisha kwa wino mwekundu: hizi ameniletea kila mtu, na wewe unaishi kwenye dhahabu. Chuo kilikuwa na sharti jingine tena. Digrii ilipaswa kumalizika ndani ya miaka waliyompa, la sivyo anaanza upya. Miaka yake ilikuwa inaisha. Kazi ilitakiwa iondoke kwa basi la Musoma Jumamosi.

"Nilikwenda kwenye duara lenu juzi," akasema. "Walinifukuza kwa mawe madogo madogo, kama kuku."

Nilijua ni wimbo gani anaoutaka. Ulikuwa kinywani mwangu miaka yote ile. Lakini chuo kilitaka watu wakiwa kazini, kuuimba sebuleni kwake sikuweza, na yeye kwenda duarani hakuweza. Nilirudi nyumbani na hasira, nikafikiri usiku wote, na jibu nikalipata asubuhi nikiwasha jenereta.

Jenereta! Lile lilikaa nje ya uzio, mbali na mdomo wa duara, moshi wake usituue. Lilizungusha feni, feni ikasukuma upepo kwenye bomba la plastiki, bomba likapita chini ya miiba na kushuka hadi tulipokuwa tukifanya kazi. Ukizima feni na kuichomoa, bomba lile ni mdomo, na chini kuna mdomo mwingine!

Nikaenda kwa Mwenye Duara, nikamweleza.

"Unataka dhahabu yangu ihame, Mwita?"

"Mama wa uji hufika kwenye jenereta kila siku. Imehama?"

"Mama wa uji hana digrii."

"Na huyu hana bado. Ndiyo anayoitafuta."

Akanitazama sana. "Na upepo ukizimwa, watu wangu?"

Hapo alisema neno la maana. Bila upepo, kule chini kuna pumzi chache tu. Nikamwambia tutakuwa watatu, mshumaa utawaka mbele ya macho yangu, na nikivuta kamba mara mbili feni irudi. Gogo moja. Wimbo mmoja.

"Swichi nitashika mimi," akasema. "Na huyo mwalimu akivuka uzio, wewe hutavuka tena."

Alhamisi tukashuka, mimi, Ochieng' mwenye ndugu zake ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na Msukuma mmoja mwenye nguvu za ng'ombe wawili. Gogo lilikuwa la kweli, mahali palipohitaji gogo kweli. Juu, Mwalimu Robi alikuwa ameweka redio kaseti yake mdomoni mwa bomba. Ghafla mvumo wa upepo ukakatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nikaanza.

"Gogo la nani?"

"Letu!"

"Jiwe la nani?"

"La Mungu!"

"Atakayelala chini?"

"Si mimi!"

Gogo likainuka, likafika kifuani, likafika begani. Moyo wangu unapiga kwa furaha, nasikia sauti yangu inapanda bombani kama mtu mwingine! Nikaendelea ubeti unaofuata kwa mazoea, maana mwimbishaji lazima awachekeshe watu wasisikie uzito.

"Mwenye duara kala nini?"

"Mbuzi!"

"Akatuachia nini?"

"Kwato!"

Neno lilipotoka ndipo nikakumbuka nani ameshika swichi.

Gogo lilikuwa juu ya kichwa cha Ochieng', halijakaa kwenye shingo. Nikinyamaza, mikono inapoteza mpango, linamshukia. Nikiendelea, bosi wangu anatukanwa mbele ya mgeni, na kurekodiwa. Na mwali wa mshumaa ulikuwa umeshuka hadi ukubwa wa harage. Nikaimba. Ningefanya nini? Nikarudia ubeti uleule, ndio uliokuwa mdomoni.

"Mwenye duara kala nini?"

"Mbuzi!"

"Akatuachia nini?"

Kabla hawajajibu, bomba likanguruma.

"Mwongo wewe Mwita! Na kichwa niliwapa!"

Ochieng', gogo liko juu yake, hana hewa, akajibu: "Kichwa kisicho na ulimi!"

Na kwenye neno hilo wote tukasukuma. Tukicheka! Gogo likaingia kwenye shingo kama kisu kwenye ala yake, nikapiga kabari mara tatu, mshumaa ukawa punje ya ulezi, nikavuta kamba. Upepo ukarudi. Tulikaa chini tukiunywa kama maji, tukicheka kama wehu.

Nilipopanda nilidhani kazi nimepoteza. Nikamkuta Mwenye Duara bado ameshika swichi, amemwinamia Mwalimu Robi.

"Mwalimu, hicho kidude kimeshika na mimi?"

"Kimekushika, baba."

"Kichwa cha mbuzi kimo?"

"Kimo."

"Basi kwenye hicho Kiingereza chako andika wazi kuwa kichwa nilitoa."

Ijumaa nzima tuliandika. Yeye alitafsiri, mimi nilieleza. Akakwama mahali pamoja: hakuelewa kwa nini mstari ukatwe palepale kwenye neno la jibu. Nilichoka kueleza, nikaleta gogo uani kwake. "Shika," nikamwambia. Akashika, mikono laini ile, akainua nami, nikaimba, na kwenye neno la mwisho akasukuma. Akaliachia, akakimbilia daftari lake. Jumamosi basi la Musoma liliondoka na bahasha.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Alitoka shule mbio, viatu mkononi, akanikuta nachonga. Alinisomea alichoandika mkufunzi, akinitafsiria: nyimbo amezisikia nyingi, lakini hajawahi kusikia hadhira iliyoshika swichi. Alama ya mwisho ya vema aliiweka Mwalimu mbele yangu, kwa penseli. Mwenye Duara aliposikia alichinja mbuzi, na safari hii tulikula paja. Akawa anajitambulisha sokoni: "Mimi nimo kwenye digrii."

Miaka imepita. Magoti yamenikataza kushuka, na maduara mengi ya wakati wetu yamefungwa au yamemezwa na mgodi wa mitambo. Nimerudi Itiryo, nina ng'ombe, nina miti yangu ya mikaratusi, na nyumba ya bati niliyojenga kwa jasho, siyo kwa cheti. Ndani nimeweka nakala ya kazi ile. Siwezi kuisoma, ni Kiingereza kitupu. Lakini ukurasa wa tatu naujua: jina langu liko pale, na pembeni yake, msanii. Nimefunga matimba maisha yangu yote, na hakuna gogo nililofunga linaloonekana leo. Yote yako gizani yanashikilia ardhi au yameoza. Wimbo ndio uliotoka.

Mwalimu Robi sasa anafundisha chuoni, na masharti ya kozi anayaandika yeye. Kila mwaka ananiletea wanafunzi. Wanafika wasafi, wananipigia shikamoo vizuri, kisha hapohapo wanatoa simu na kuninyooshea mdomoni.

"Babu, tuimbie ule wimbo wa matimba."

Mimi huwaonyesha gogo lililolala karibu na zizi. Wengine, kwa kuchoka na safari, huwa wameshalikalia. Teke siwapigi, magoti hayaruhusu.

"Weka simu mfukoni," nawaambia. "Beba kwanza."