Pumzi ya Chumba cha Chini

Pale idarani kwetu chuoni tulimwita Mzee Sifuri, na hakuwahi kuchukia. Kazi yake ilikuwa kurudisha vipimo kwenye sifuri. Kwa miaka ishirini na miwili alishika mizani, vipimajoto na mita za kila aina, akazifuta vumbi, akazisawazisha, akazibandika tarehe kwa mwandiko wake wa sisimizi, kisha akawakabidhi wasomi wakagombane nazo. Mimi nilikuwa karani wa idara na meza yangu ilitazama ngazi za kushukia chini. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe.

Mwaka ule wasomi watatu ambao hata salamu hupeana kwa shida walijikuta kwenye utafiti mmoja. Profesa wa fizikia, mtu wa milinganyo asiyeweza kubadilisha balbu, aliandika hesabu ya jinsi hewa inavyozunguka chumbani. Mhandisi akaunda kipima-hewa, kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu. Daktari wa afya ya jamii akavipeleka visanduku hivyo kwenye wodi ya kifua kikuu, hospitali ya ng'ambo ya barabara. Jambo lenyewe si gumu, hata mimi nililielewa. Kila mtu akipumua anatoa hewa iliyotumika. Ukiipima hiyo, unajua pumzi za watu zimerundikana kiasi gani, na zikiwa nyingi, basi unaingiza kifuani mwako kilichotoka kifuani mwa mwenzako. Hewa ya nje husoma mia nne. Wodi ikipita mia tisa, ni hatari.

Lakini kisanduku kipya hakijui mia nne ni nini mpaka kionyeshwe, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mzee Sifuri. Nje hakupataka kwa sababu ya moshi wa malori. Alivipeleka stoo ya chini, chumba chenye tundu la hewa juu ya mlango na dirisha moja lililopigiliwa mbao. Kila wiki alikifunga Ijumaa jioni, na hakuingia mtu hadi Jumatatu asubuhi. Siku mbili na nusu bila mtu, pumzi zote zimeshatoka, imebaki hewa tupu. Jumatatu alivuta pumzi nzito akiwa koridoni, akajaza mashavu, akaingia nayo asije akapumua mle ndani, akabonyeza kitufe cha kila kisanduku, akatoka macho yamemtoka. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Kabla ya kuingia, alikuwa akibisha hodi. Wengine walidhani ni uzee. Mimi nilijua. Marehemu mke wake alikuwa mfanya usafi wa jengo letu, na mchana alizoea kujinyoosha kwenye benchi nyuma ya rafu za stoo ile. Sweta lake la kijani bado lilining'inia kwenye msumari, hakuna aliyethubutu kuliondoa. Alifia wodi ileile ya ng'ambo, chumba namba nne.

Sasa, mle stoo mlikuwa na mita moja kubwa ya zamani, tuliyoiita Bibi Kizee. Hiyo haikusawazishwa kwa hewa ya chumba, ilikuwa na chupa yake ya gesi iliyopimwa kiwandani, na Mzee Sifuri aliiamini kuliko alivyomwamini profesa yeyote. Jumatatu ya kwanza ya utafiti ule, Bibi Kizee ilisoma mia sita na arobaini. Akaona imezeeka kweli. Jumatatu ya pili, mia sita na arobaini. Ya tatu vilevile. Akabadilisha chupa ya gesi, namba ikabaki palepale.

Hakumwambia mtu. Alimvizia profesa wa fizikia koridoni na kumuuliza kama mtu anayepiga soga tu: chumba cha urefu huu, upana huu, tundu la hewa ukubwa wa sahani, kimefungwa siku mbili na nusu na kinasoma mia sita na arobaini. Ndani kuna watu wangapi? Profesa anapenda hesabu kuliko chakula. Alitoa bahasha mfukoni, akaandika nyuma yake mistari minne.

"Mmoja," alisema. "Mtu mzima. Amelala."

Akauliza ni chumba gani hicho. Mzee Sifuri akamjibu kuwa ni fumbo tu la gazetini.

Hapo ndipo alipokosea, na hata leo nikikumbuka moyo unaniuma. Angesema, chumba kingekaguliwa siku hiyohiyo. Lakini aliogopa wasije wakabomoa rafu na kumwamsha aliyelala. Kwa hiyo kila Jumatatu aliingia na mashavu yake yaliyojaa, akaisoma mia sita na arobaini ya Bibi Kizee, kisha akabonyeza vitufe na kuvifundisha visanduku kwamba hiyo ndiyo mia nne. Pumzi ya mke wake aliihesabu kuwa si kitu, ili asiulizwe. Mchana akawa anashuka na chai yake, anakaa kwenye kiti nje ya mlango. Siku moja nilipita na mafaili nikamsikia akizungumza na ule mlango. Alikuwa anausimulia kuhusu binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyehitimu unesi na kupangiwa kazi ng'ambo ya barabara. Nilirudi juu haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Binti huyo alikuja Alhamisi moja mchana na chakula cha baba yake, wakala kwenye meza yangu. Alikuwa na furaha. Alisema chumba namba nne, kile walichokuwa wakikiogopa wote, visanduku vimekipa mia nane na kumi. Salama. Daktari ameandika barua, na sasa manesi wakikaa mezani mle ndani wanavua barakoa, maana joto lilikuwa linawamaliza.

Mzee Sifuri aliweka kijiko chini. Niliona midomo yake ikijumlisha. Mia nane na kumi, ongeza zile mia mbili na arobaini alizozificha: elfu moja na hamsini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Wiki ya saba hii, baba."

"Rudi ukavae barakoa yako, mwanangu, na uwaambie wenzako wote. Visanduku vinasema uongo. Niliyevifundisha ni mimi."

Binti alidhani ni mzaha, kisha akamtazama usoni, akaondoka bila kufunika vyombo.

Mzee akaniomba nikamsaidie kung'oa mbao. Tukishuka ngazi ndipo aliponieleza yote, kwa sauti ya chini. Akabisha hodi, tukaingia. Sitii chumvi: mle ndani mlikuwa na uvuguvugu wa chumba ambacho mtu ameamka sasa hivi, na benchi lilikuwa halina vumbi katikati, kwenye urefu wa mtu. Bibi Kizee ilisoma mia sita arobaini na mbili. Nikashika nyundo kwa mikono miwili.

Misumari ilikuwa na kutu, tulihangaika nayo. Ubao wa mwisho ulipobaki, Mzee Sifuri alisimama mbele ya lile sweta.

"Mke wangu," alisema, "toka sasa. Mtoto anataka hewa."

Akang'oa ubao. Namba ikaanza kushuka. Mia sita. Mia tano na sitini. Kwenye mia tano ikasimama kwa muda mrefu, na mkono wa sweta ukainuka kidogo. Ulikuwa upepo, najua. Kisha ikashuka moja kwa moja hadi mia nne na kumi, na Mzee Sifuri akakaa sakafuni akalia waziwazi.

Alasiri hiyo alikwenda kukiri mbele ya wasomi wote watatu. Mhandisi alisema ukuta umepasuka, hewa inapenya kutoka kwenye mfereji. Daktari akasema mbao na makaratasi yanayooza nayo yanapumua. Wakapigilia mbao tena, wakakifunga chumba siku tatu wathibitishe, ufa uleule, makaratasi yaleyale, nacho kikasoma mia nne na tano. Hakikupanda tena. Profesa wa fizikia alitoa ile bahasha, akaipitia mistari minne, akairudisha mfukoni.

Manesi tisa walipimwa. Wawili walikutwa na ugonjwa, na mmoja wao ni binti yake. Miezi sita ya vidonge. Barua ya onyo ya Mzee Sifuri niliichapa mimi mwenyewe, na nilikosea mara tatu.

Nilikwenda nyumbani kwao kumjulia hali yule binti mwezi wa pili wa dawa. Alikuwa ameketi kitandani, amekonda lakini utani wake upo. Bibi Kizee ilikuwa juu ya kabati. Mzee aliiomba idarani, na hakuna aliyeweza kumnyima.

"Baba," binti alisema, "hebu mwambie mgeni. Inasema tupo wangapi humu?"

Mzee Sifuri aliinamia ile namba, akapiga hesabu kichwani.

"Watatu," alisema.

Akaendelea kuitazama, akiipa nafasi ya kupanda. Haikupanda. Basi akaenda kufungua dirisha.