Mtumishi Stanislas Kasonia na Mafuta Yasiyozuia Chuma

Alizaliwa Luofu, kusini mwa Lubero, mwaka 1921, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki, akabatizwa Stanislas. Wazee husimulia kwamba alisema kabla ya kutembea, na kwamba ulimi huo haukupumzika tena. Wito ulimjia Butembo mwaka 1960, mwaka wa Uhuru wa Kongo, pale Mzungu mwenye duka alipokimbia na kumwachia yeye, karani wake, depo iliyojaa makopo ya mafuta ya motere, ya kulainishia injini, yaitwayo Perpétuol. Kopo lilisema kwa Kifaransa kwamba chuma hakitagusana tena na chuma. Kasonia aliyaona maneno hayo makavu mno. Akawahubiria madereva kwamba kila tone lina akili, lajua jino la gia lililo gonjwa na kulitembelea kwanza. Kwamba injini iliyokunywa Perpétuol hupungua umri. Asumani, msafirishaji wa Beni, alipolalamika kwamba lori lake bado lafuka moshi, alijibiwa kwa upole kwamba huo ni uzee unaotoka. Na maneno ya kopo Kasonia aliyatafsiri hivi: “Mwenye mafuta haya, chuma hakitamugusa.” Mungu amrehemu, biashara ilikwenda vizuri.

Mwaka 1964 waasi waliingia Butembo. Maji yao ya dawa ya kuzuia risasi yalikuwa yamepungua, na kapiteni wao alikuwa amesikia habari za kopo. Alifika depo akaamuru wapiganaji wake wapakwe Perpétuol toka utosini hadi kisiginoni, kisha waende kukutana na jeshi la serikali njia ya Beni. Walivua mashati, wakapakana, waking'aa kama maandazi yatokayo karaini. Kasonia alijua kwamba watakufa kwa neno lake, na ulimi wake ukawa mzito kwa mara ya kwanza.

“Afande, nilidanganya,” alisema. “Hii iko mafuta ya motere tu. Na hata motere, inasaidia kidogo.”

Kapiteni alicheka. “Muchuruzi mwenye kutukana mali yake, anafichia mwingine ile ya muzuri.”

Wapiganaji walikubali, maana wote walikuwa wamewahi kwenda sokoni. Kadiri Kasonia alivyoapa, ndivyo walivyozidi kujipaka. Ndipo alipochovya mkono wa kuume koponi, akauinua mbele ya bunduki. “Basi piga hapa.”

Kapiteni akapiga. Risasi ilipita katikati ya kiganja, ikatoboa na mlango wa nyuma. Wapiganaji walilitazama tundu lile, wakaanza kujifuta kwa mashati yao. Kabla jua halijazama wengi walikuwa wameshika njia ya kwao.

Alifariki Butembo mwaka 1973, baada ya miaka ya kuwasalimu watu kwa mkono wa kushoto na kuwaomba radhi, maana wa kuume haukufaa tena. Siku ya matanga madereva walimwendea mjane wake Kanyere, wakiomba japo chupa moja ya mafuta yaliyozuia risasi. Aliwaambia hayakuzuia kitu, wakaondoka wamenuna. Tumwige mtumishi huyu aliyekana uongo wake, ndugu waamini: sisi tunaosifu mafuta, na sisi tunaosifu watakatifu.